Uso Wangu Haukuwa Mchafu

Mwezi uliopita, katika kikundi cha maombi cha akina mama huku kwetu Bagira, mjini Bukavu, nilipewa dakika tatu za ushuhuda. Nikasimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza jinsi uso wangu ulivyonitesa miaka kumi na mmoja na jinsi ulivyopona. Wakapiga makofi, wakaimba. Tulipotoka nje wanawake saba wakanizunguka kwenye ngazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za Mungu. Wote walikuwa na swali moja: “Yaya, unapakaka nini ku sura?”

Nikataja jina la chupa, wakaliandika kwenye simu zao, wakaenda. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimewadanganya bila kusema uongo. Chupa hiyo naitumia kweli, lakini mtu akiinunua na kuyaacha mengine yote kama yalivyo, dola zake sita zimekwenda na uso utabaki pale pale. Tena kuna jambo ambalo pale mbele lilinishinda kutamka, kwa aibu: kabla ya kupona, mimi mwenyewe nilikuwa nauza ugonjwa.

Nilizaliwa mwaka 1996 katika zile nyumba za zamani za Bagira ambazo Wabelgiji waliwajengea wafanyakazi miaka ya 1950. Tulikuwa watoto saba. Chunusi, ambazo sisi Bukavu wengi tunaziita butoni, zilinianza nikiwa na miaka kumi na minne, kwanza kwenye paji, kisha mashavuni, mwisho hadi kwenye taya. Kaka yangu akanipa jina la Mahindi, maana uso ulikuwa umejipanga punje punje kama gunzi. Baba alisema ni karanga. Mama alisema, “Ukizala itaisha.” Lakini jirani mmoja alisema neno lililonishika kuliko yote. Alisema msichana huyu haogi vizuri.

Basi nikaoga. Kwa miaka niliosha uso kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Sabuni ilikuwa ile ya kufulia, mche unaokatwa vipande, wa mafuta ya mawese na magadi makali, pamoja na wavu wa kuogea, mara nne au tano kwa siku. Wanaojua Bagira wanajua maana ya kuosha uso mara tano. Maji ya bomba yalikuwa yakija usiku, siku yakija, na ukikosa unashuka na bidoni ya lita 20 na kupanda nayo mlima. Dada zangu walinigombeza kwa ajili ya maji hayo kuliko walivyonigombeza kwa kitu kingine chochote. Nikimaliza kuosha, ngozi inavutika kama ya ngoma iliyoanikwa juani, nami nafurahi, nasema sasa ni safi. Saa sita mchana uso unameremeta mafuta kama sambaza zilizotoka kwenye kikaango. Narudi kwenye bidoni.

Nilipaka limau, likaniunguza. Nilipaka dawa ya meno, ikaniachia alama nyeusi. Mengine niliyopaka hayafai kusomwa na mtu aliye mezani.

Nilipofikisha miaka kumi na tisa pesa za masomo ziliisha, shangazi akanichukua kwenye meza yake soko la Kadutu. Tulikuwa tunauza mafuta ya ngozi, losheni, sabuni na tyubu ndogo ndogo. Biashara yenyewe hasa ilikuwa kuchanganya: mteja anakuja na kopo lake la losheni ya kawaida, sisi tunamkamulia ndani yake vitu kutoka kwenye tyubu mbili tatu, tunakoroga na kijiti, anaondoka na “mchanganyiko” wake. Wengi walikuwa wanatafuta weupe, kile ambacho wazee wetu tangu enzi za Zaire wanakiita ambi. Lakini wengine, hasa wasichana wa shule, walikuja kwa ajili ya butoni tu. Tuliwapa tyubu ile ile.

Mwaka 2017 nikajipaka mwenyewe. Siku ya tano nilijitazama kwenye kioo nikalia kwa furaha. Uvimbe umelala, wekundu umekwisha, ngozi nyororo kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikawa tangazo linalotembea. Mteja akisita, shangazi ananyoosha kidole kwangu: “Si unamuona?” Sijui niliwauzia wangapi kwa uso wangu huo. Ndiyo hesabu ninayoiogopa mpaka leo.

Mwishoni mwa 2018 serikali ya Rwanda ilianza kuingia madukani na kuzikamata bidhaa za kuchubua ngozi zenye haidrokwinoni na zebaki. Habari zilivuka daraja la Ruzizi siku ile ile. Ungedhani ningejiuliza kwa nini kitu kinachoharamishwa upande ule wa mto kinauzwa mezani kwangu karibu na nyanya. Sikujiuliza. Nilifurahi, maana wateja wa ng'ambo walianza kuvuka kuja kununua kwetu.

Mwaka 2019 uso ulinigeuka. Kwanza ulianza kuwaka nikikaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Kisha mishipa midogo ikaonekana mashavuni, na vinywele vikaota pembeni ya midomo. Halafu zikaja butoni za aina nyingine, ndogo, zote zinalingana kana kwamba mtu amezimwaga kwa kijiko. Niliongeza tyubu. Zilitulia wiki mbili, zikarudi na wenzao. Nilipojaribu kuacha kabisa, siku ya tatu uso ulivimba, macho yakabaki nyufa mbili. Siku ya mahari ya mdogo wangu nilikaa jikoni na akina mama wapishi toka asubuhi mpaka wageni walipoondoka.

Aliyenisaidia ni mama mmoja muuguzi wa kituo cha afya, mtu wa makamo, asiye na maneno mengi. Hakunitazama uso kwanza. Alisema, “Rudi nyumbani, uniletee kila kitu unachoweka juu ya huo uso. Hata unachoona haya kukionyesha.” Nikarudi na mfuko wa plastiki. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga mezani, vitu tisa, akavaa miwani na kuanza kusoma yale maandishi madogo ambayo mimi, muuzaji, sikuwahi kuyasoma hata siku moja. Kwenye tyubu ya muujiza wangu paliandikwa klobetasoli, asilimia 0.05.

“Hii ni dawa,” alisema. “Ni katika zile kali kuliko zote za aina yake. Daktari huwaandikia wagonjwa wa ngozi, sehemu ndogo, wiki mbili. Usoni hatuiweki. Wewe umeiweka muda gani?”

Nikasema miaka miwili. Akavua miwani.

Alinieleza kwamba dawa hiyo inatuliza uvimbe haraka, ndiyo maana siku ya tano niliona muujiza. Lakini inaifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi ikishaizoea, ukiiacha ghafla inalipuka. Zile butoni ndogo zinazolingana zilikuwa zimeletwa na dawa yenyewe. Kuhusu haidrokwinoni, ambayo ilikuwa ndani ya kopo la tatu pale mezani, alisema nimshukuru Mungu sikufika mbali: kuna watu ambao badala ya weupe ngozi yao imegeuka rangi ya bluu na nyeusi mashavuni, na jambo hilo madaktari wa Afrika Kusini walilieleza kwa maandishi tangu 1975.

Kisha akafanya kitu ambacho sijakisahau. Alichukua kile kipande chembamba cha kupimia mkojo, kile chenye vimraba vya rangi. Akakoroga sabuni yangu ya kufulia katika maji kidogo, akachovya. Mraba mmoja ukageuka bluu iliyoiva, mpaka mwisho wa kipimo. Akaniambia ngozi ya uso ikiwa nzima ina uchachu kidogo, kama 5 kwenye kipimo hicho, na sabuni za namna hii hufika 9 au 10. Kila nikiosha, ngozi inapokonywa ule uchachu wake pamoja na mafuta yanayoilinda, nayo inachukua saa kadhaa kujirudisha. Mimi nilikuwa siipi saa hizo. Nilikuwa narudi na wavu.

“Nani alikuambia uso wako ni mchafu?” aliniuliza.

Nilikosa jibu. Walikuwa wengi mno.

Butoni, alisema, hazianzi juu. Kila kitundu cha unywele kina kitezi cha mafuta. Homoni za ujana, au za mwezi kwa sisi wanawake, zinakifanya kitezi kitoe mafuta mengi, na chembe za ngozi zinazokufa ndani ya tundu zinagandana na mafuta hayo na kuziba mlango. Nyuma ya mlango bakteria ambao kila mtu anao, hata aliye laini kama yai, wanaongezeka, na mwili unakuja kupigana nao. Ule weusi tunaouona kwenye tundu na kuukamua kwa kucha tukidhani ni vumbi la Kadutu ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe iliyokutana na hewa. Ukisugua juu humfikii adui aliye chini. Unabomoa ukuta wa nyumba tu.

Aliniandikia barua nikaenda kwa munganga hospitalini. Munganga alinipunguzia dawa polepole, akanihamishia kwenye iliyo dhaifu zaidi, kisha hiyo nayo ikaondoka, pamoja na vidonge vya antibiotiki kwa wiki kadhaa. Ilikuwa miezi mitatu mibaya. Wiki sita sikwenda sokoni. Watoto wa jirani walinikimbia, na hilo silisemi kwa kutia chumvi. Mbele ya hayo, habari ya kuchagua sabuni ya uso ni ndogo. Lakini ndiyo waliyoniuliza pale ngazini.

Yule mama muuguzi alinipa kanuni moja iliyonisaidia kuliko majina yote ya chupa. Alisema: kitu cha kuoshea kinakaa usoni chini ya dakika moja, halafu unakimwaga. Kwa nini umlipe mtu dola 25 kwa vitamini na dhahabu zinazokwenda mtaroni? Kazi yake ni kuondoa jasho na mafuta ya siku, basi, na kuondoka bila kuchukua kitu kisicho chake. Pesa, kama unazo, ziweke kwenye kile kinachobaki usoni usiku kucha.

Kwa hiyo nilianza kutafuta kitu ambacho hakijisifu. Hapa kwetu maandishi ya chupa ni Kifaransa mara nyingi, na maneno niliyofundishwa kuyatafuta ni «sans savon», yaani haina sabuni ya kweli ndani, na «sans parfum». Kuna kipande kama sabuni kinachoitwa «pain dermatologique». Shangazi aliposoma akacheka, akasema sasa wazungu wanaosha uso kwa mkate. Tulikipima kwa kile kipande cha kupimia mkojo, mraba ukabaki karibu na rangi ya chungwa. Vyote vyenye chembe za kusugua nilivipita. Vile vya baridi kama peremende, vinavyokufanya uhisi umetakata, navyo nilivipita. Huo ubaridi haukuoshi, unakudanganya tu, na mimi nilikuwa nimeshadanganywa vya kutosha.

Jambo lingine hakuna chupa inayoliandika, ni la Bagira: maji. Kitu chenye povu jingi kinataka maji mengi ya kusuuzia, na povu lisiposuuzwa vizuri linabaki pembeni ya nywele na chini ya taya, linawasha. Nilipima kwa kikombe. Chupa ya kwanza niliyonunua, nzuri kwa kila namna, ilikunywa vikombe vinne. Ya pili, ya maji maji, isiyo na povu, ilitosheka na kimoja na nusu. Nikabaki na ya pili. Naosha asubuhi na jioni, kwa vidole, maji ya kawaida yasiyo moto, kisha nakausha kwa kubandika kitambaa bila kusugua, na kitambaa hicho ni changu peke yangu. Mara mbili kwa siku. Dada zangu wamepata amani na bidoni zao.

Uso ulipotulia, munganga aliniongezea jeli ya peroksidi ya benzoili ya asilimia 2.5. Hii ni dawa iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ya asilimia 10 haiipiti sana hii ndogo kwa kazi, ila inaipita kwa kuunguza. Naipaka usiku, kidogo. Nawaonya mapema: inakula rangi ya nguo. Foronya yangu ya kitenge, ya bluu, imepata doa jeupe lenye umbo la shavu langu. Kwa wenye vitundu vyeusi vingi kuna asidi ya salisili, ambayo huyeyuka katika mafuta na kuingia ndani ya tundu. Chupa nyingi za kuoshea zinazo, hadi asilimia 2. Kwangu ilikausha mno, nikaiacha. Kwa mdogo wangu imefanya vizuri. Ngozi za tumbo moja, nazo hazikubaliani.

Paji la uso lilikataa kupona mpaka mwisho. Mashavu yamekwisha, taya imekwisha, paji bado. Munganga akaniuliza napaka nini kichwani. Nilikuwa napaka mafuta mazito ya nywele, yale ya kopo, kwa mkono wa ukarimu, na jua likipanda yanateremka. Kumbe madaktari wa Marekani waliyaeleza haya mwaka 1970, waliyaona kwa wanaume weusi waliokuwa wanapaka pomada. Niliyasogeza mafuta nyuma vidole viwili kutoka kwenye paji, na nikaanza kufunga kilemba safi usiku. Baada ya miezi miwili paji likanyooka. Dawa hiyo haikunigharimu hata franka.

Miezi miwili, nasema. Wasichana wanaonijia wanataka wiki. Ngozi inachukua kama siku 28 kujibadilisha, na dawa ya butoni haihukumiwi kabla ya wiki nane au kumi na mbili. Ukiona kitu kimekutakasa kwa siku tano, kimbia. Alama nyeusi zilikawia zaidi, karibu mwaka mzima, na zilipungua haraka nilipoanza kutembea na mwavuli. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,500, na ubaridi wa ziwa unakusahaulisha jua lilivyo kali.

Shangazi hakunielewa nilipokataa kurudi kwenye tyubu. “Tutakula nini?” aliniuliza, na lilikuwa swali la haki. Tuliuza zilizobaki? Hapana, lakini sitajifanya malaika: nilizifungia kwenye katoni miezi minne kabla sijakubali hasara. Sasa meza ni ile ile, mali ni vitenge.

Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, benki zilifungwa, pesa zikawa shida, na vitu vingi vikapotea madukani au vikapanda bei. Chupa yangu iliisha mwezi Machi. Kwa majuma saba niliosha uso kwa maji matupu asubuhi, na jioni kwa kipande kidogo cha ule “mkate” nilichokuwa nimekisahau kwenye sanduku. Nilikuwa natetemeka kila nikishika kioo. Zilitoka butoni tatu. Nikasubiri, zikaondoka. Hapo ndipo nilipoamini kwamba sikuponywa na chupa.

Hayo ndiyo ningewaambia wale mama saba kama ningepewa saa nzima. Mmoja wao alikuja nyumbani Jumapili iliyopita. Alitoa kwenye mkoba tyubu ninayoijua vizuri, rangi yake, kizibo chake. Anaitumia mwaka wa tatu. Nilimwambia asiitupe leo wala kuiacha peke yake kwa ghafla. Aibebe, aende nayo kwa munganga, aitoe mezani bila aibu. Jumatano tutakwenda pamoja.

Na wewe, ndugu yangu, uliyekaa sasa pale nilipokuwa nimekaa, Kadutu, na kijiti chako cha kukorogea: sina mawe ya kukurushia, najua kodi ya meza ni kiasi gani. Nakuomba kitu kimoja. Msichana akija na kutaka tyubu ile, muulize anakwenda kuipaka wapi. Akisema usoni, usimuuzie.